Uvimbe Usiouma

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare zake za shule, Aol alimsuka mama yake, Concy, nywele. Walikaa mkekani mbele ya nyumba yao katika kambi ya jeshi ya Mbuya, mama akilalamika kwa utani kwamba binti yake anavuta nywele kama anang'oa mihogo.

Siku moja vidole vya Aol viligusa kitu kigumu chini ya sikio la mama, kikubwa kama zambarau.

"Mama, hiki nini?"

"Kipo tangu mwaka jana. Hakiumi, basi si kitu," Concy akajibu. Kisha akashusha sauti. "Usimwambie baba yako. Atanipeleka hospitali. Dada yangu alipasuliwa, hakurudi."

Aol alimaliza kusuka, lakini maneno hayo hayakumtoka akilini. Jioni ya Jumatatu, walipokuwa wakimenya ndizi za matoke, alishindwa kuvumilia.

"Mama, nitamwambia Baba. Ila sitaki kwenda kwa siri. Nataka nawe uwepo."

Kisu kikatulia mkononi mwa Concy. Akamtazama mwanawe, machozi yakimlengalenga. "Basi tumwambie pamoja."

Walipomwambia, baba yake Aol, Sajini Okwir, hakugomba. Aliomba ruhusa kazini, wakaenda hospitali wote watatu.

Daktari Munirah aliupapasa uvimbe polepole, akachukua sampuli kwa sindano nyembamba. Majibu yalipotoka, aliwaita.

"Mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno hata hazionekani kwa macho," alisema. "Seli hugawanyika mwili unapohitaji nyingine mpya, kisha huacha. Hapa, seli moja ya tezi ya mate ilikataa kuacha. Ikawa mbili, zikawa nne, mpaka zikafanya uvimbe."

"Kama askari asiyesikia amri ya kusimama," Okwir akasema.

"Ndiyo hivyo. Huu si saratani. Lakini ukiachwa miaka mingi, unaweza kugeuka kuwa saratani. Tuutoe sasa."

Siku ya upasuaji, Concy hakuuachia mkono wa Aol mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Alipozinduka, shingo ikiwa na bendeji, aliutafuta tena mkono huo kitandani mpaka akaupata.

"Mwanangu," alinong'ona, "niliuogopa upasuaji kuliko ugonjwa wenyewe. Ukiona kitu kigeni mwilini mwako, hata kama hakiumi, sema mapema. Na mtu unayempenda akikuomba umfichie ugonjwa, usimtii. Fanya kama ulivyonifanyia mimi."