Daftari Likifungwa

Lifti ya jengo lile la ghorofa kumi na mbili iligoma saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, wakati nusu ya mji ina shida zake humo. Chini kulikuwa na zahanati ya macho na foleni yake, katikati ofisi za bima, na ghorofa ya tisa chumba cha habari cha gazeti. Watu walijaa ukumbini na bahasha zao mikononi, wengine wakisonya, wengine wameshaanza kupanda ngazi huku wakinung'unika. Ndani ya lifti, iliyokwama ikikaribia ghorofa ya saba, alikuwamo mtu mmoja tu: mwandishi wa makala wa gazeti hilo, amevaa gauni la kijani lenye vifungo mbele na viatu vipya vilivyokuwa vikimbana tangu siku alipovinunua.

Alibonyeza kengele, akabonyeza tena, kisha akavua viatu akaketi sakafuni.

"Habari za humo ndani," sauti ya mwanamume ikasema nje ya mlango, taratibu, kama jirani aliyepita kusalimia.

"Nzuri, ila nimekwama."

"Hilo tumeshaambiwa. Mko wangapi?"

"Peke yangu."

"Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa. Na viatu nimevua."

"Vizuri. Mwenzangu yuko juu kwenye mashine, anakuvuta kwa mkono. Yeye kazi yake ni lifti, mimi kazi yangu ni wewe. Ukisikia chuma kinalia usishtuke, ni yeye. Unaogopa?"

"Kidogo."

"Basi tuko wawili."

Mwandishi alicheka, akidhani ni utani. Wakazungumza dakika ishirini nzima: viatu vilinunuliwa wapi, nani alimdanganya kwamba vitalegea, atakula nini mchana. Mlango ulipofunguka, alimkuta fundi amekaa sakafuni, miguu ameikunja, ovaroli ya kijivu ina kiraka gotini na penseli iko nyuma ya sikio. Ndipo alipoelewa kwa nini sauti ile ilikuwa ikimfikia sikioni moja kwa moja.

"Hivyo viatu vinakuonea," Fundi alisema, akampa mkono wa kumwinua.

Mwandishi alipanda ghorofa mbili zilizobaki pekupeku, akaenda moja kwa moja mezani kwa Mhariri, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani.

"Mzee, nimepata Mtu wa Jumamosi."

Mtu wa Jumamosi ulikuwa ukurasa mzima wa gazeti, kila wiki mtu mmoja ambaye hakuna anayemjua, aandikwe mpaka msomaji atamani kumsalimia njiani. Mhariri aliupenda ukurasa ule kuliko kurasa zote. "Wiki mbili," alisema. "Mfuate, mwangalie, uliza watu wake. Na usiniletee sifa."

Fundi alikubali, ila kwa sharti. Aliliangalia daftari jekundu la Mwandishi, lililofungwa kwa mpira mnene wa kufungia bahasha, akasema, "Likiwa wazi, andika unachotaka. Likifungwa na huo mpira, tunaongea tu kama watu."

"Tumekubaliana."

Basi akamfuata. Aliandika kwamba Fundi huanza na kengele kabla ya kugusa mtambo, kwa sababu mtu aliyekwama hutafuta kengele kwanza. Aliandika kwamba hunawa mikono kabla ya kujaribu vitufe, asiwaachie wenzake grisi vidoleni. Aliandika kwamba mfuko wa kifua huwa na kitambaa safi, kimepigwa pasi, na si cha kwake.

"Cha nani?"

"Cha atakayetoka analia. Una maswali wewe. Nitakuita Bi Maswali."

Jioni alianza kumpigia simu.

"Bi Maswali, umeshakula?"

"Hilo ndilo unalonipigia?"

"Nimesahau kukwambia jambo muhimu la makala. Nina kovu kidoleni."

"Nimeliona tangu Jumanne."

"Kumbe unaangalia vidole vyangu."

"Naangalia kwa ajili ya gazeti, Fundi."

"Na sasa hivi daftari liko wazi?"

Mwandishi alilitazama mezani. "Limefungwa."

"Basi nisikilize vizuri, mpenzi. Leo ulipoondoka, jengo zima lilipoa."

Siku ya tisa daftari lilikuwa wazi dakika kumi tu. Mchana walipanda juu ya paa, karibu na chumba cha mashine, wakala mkate na mayai kutoka kwenye kopo moja. Upepo ulikuwa ukilipeperusha gauni la Mwandishi, la manjano siku hiyo, naye Fundi amekaa upande upepo unakotoka ili umpige yeye kwanza.

"Laazizi, nikuulize kitu," Mwandishi alisema, akaufunga mpira mwenyewe, kwa mkono wake, Fundi akimwona. "Mbona hushuki na lifti? Kila siku unashuka ngazi ghorofa kumi na mbili, na lifti umeitengeneza wewe."

Fundi alimaliza kutafuna kwanza.

"Naogopa," alisema. "Juu ya lifti, nimeshika kamba, mlango wazi, sina neno. Lakini nikiwa ndani kama abiria, mlango ukifungwa, jasho linanitoka. Nilipokuwa na miaka minane kitasa cha stoo ya nyumbani kiliharibika nikiwa ndani. Fundi wa vitasa alikuja baada ya saa tano. Bibi yangu alikaa chini nje ya mlango saa zote tano, na magoti yake mabovu, akinisimulia anachokiona: kuku anapita, jirani anaanika nguo. Hakuondoka hata kunywa maji." Akafuta mikono. "Msimamizi wa jengo akijua, kesho nitapelekwa kufagia maegesho. Sijamwambia mtu."

Mwandishi aliushika mkono wenye kovu kidoleni.

Jumatano alipeleka makala. Mhariri aliisoma, akabadilisha miwani, akaisoma tena.

"Binti yangu, umeandika 'mpole' mara nne na 'mcheshi' mara tatu. Mimi simwoni mtu hapa. Namwona mwandishi aliyependa."

"Mzee."

"Sikugombezi, hata mimi niliwahi kupenda. Lakini kwa nini anakaa chini? Kwa nini anabeba kitambaa? Kuna kitu unakijua, umekikalia. Kiweke kwenye karatasi."

Akarudi mezani kwake. Alikijua, kilikuwa kimemkaa moyoni kwa siku kadhaa. Akaandika stoo, bibi, kuku, jasho. Maneno yalitoka yenyewe, na makala ikapata pumzi. Alijiambia kwamba asubuhi atamwomba Fundi ruhusa, na akikataa atafuta. Akaituma kwa Mhariri.

Alichosahau ni utaratibu wa chumba chao cha habari, alioufuata mwenyewe kwa miaka sita: makala ikifika kwa Mhariri, nakala moja huenda kwa mpiga picha, ili ajue apige nini.

Saa tatu asubuhi, kabla hajachukua simu, simu ikaita.

"Mpiga picha wenu amekuja," Fundi alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya taratibu, lakini imepoa. "Kijana mstaarabu. Kaniomba niingie ndani ya lifti nifunge macho, apige picha ya mtu anayeogopa. Msimamizi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu."

"Alisikia?"

"Sijui. Nimekaa namwangalia tangu hapo, sijui."

"Fundi wangu, nilikuwa nataka kukuomba kwanza. Naapa ningekuomba."

"Mpira uliufunga mwenyewe," alisema, akakata simu.

Hakuipokea tena. Mwandishi alipiga, akaandika ujumbe, akashuka ukumbini akaambiwa Fundi ameenda kufanya kazi jengo jingine mpaka wiki iishe. Akaenda kwa Mhariri.

"Naiondoa ile habari ya stoo, Mzee. Aliniambia mimi, hakuliambia gazeti."

Mhariri alivua miwani zote mbili. "Ukiiondoa, ukurasa wangu utasimama kwa lipi?"

"Nipe wiki moja."

Mzee aliivuta makala nyingine ya akiba akaiweka mahali pake, kisha akamsogezea kikombe chake cha chai, ambacho alikuwa hajakionja. Mpiga Picha naye alikuja mezani na uso wa aibu.

"Dada, nisamehe. Nilidhani ameshakubali."

"Kosa ni langu."

"Ipo moja niliyopiga kabla sijafungua mdomo. Itazame."

Picha ilimwonyesha Fundi kwa nyuma, amekaa sakafuni mbele ya mlango wa lifti uliofungwa, kichwa amekiinamisha kama anayemsikiliza mtu. Mwandishi aliitazama mpaka machozi yakamlenga. Jibu lilikuwa pale, nje, mbele ya macho ya watu wote, wala halikuhitaji siri ya mtu.

Kitabu cha mapokezi kilikuwa na majina ya waliokwama mwaka ule, watu kumi na mmoja ukimwacha yeye mwenyewe. Akawatafuta mmoja mmoja. Mwalimu mstaafu alimwambia Fundi alimtaka ataje wanafunzi wa darasa lake la kwanza. Walifika wa thelathini na nne, mlango ukafunguka, akaudhika kutolewa. Mama aliyekuwa mjamzito alisema Fundi alimwimbia. "Anaimba vibaya, mwanangu, mpaka woga uliniisha kwa kucheka." Wakili kijana alifunga mlango wa ofisi kabla ya kujibu. "Nililia," alisema. "Alinipa kitambaa, akageuka akatazama ukuta mpaka nilipomaliza. Mpaka leo hajamwambia mtu. Wewe andika, ni mimi ninayesema."

Wote aliwauliza swali moja: sauti yake ilikuwa ikitoka wapi? Wote kumi na mmoja walijibu neno moja. Chini.

Akaandika upya. Sentensi ya kwanza ilisema: Fundi huyu akikusubiri, hukaa chini. Neno 'mpole' halikuwamo hata mara moja. Mhariri alisoma na miwani moja tu, akakunja karatasi polepole. "Sasa namwona," alisema.

Jumamosi ofisi huwa tupu. Mwandishi alikuwa mezani, gazeti limekunjuliwa mbele yake, simu ilipoita.

"Bi Maswali."

"Fundi."

"Nimeisoma mara tatu. Nilikuwa naitafuta ile habari."

"Haimo."

"Nimeona haimo." Akavuta pumzi. "Msimamizi ameibandika ukumbini. Amenipa mkono mbele ya watu. Kumbe siku ile hakusikia kitu."

"Nisamehe. Si kwa sababu hakusikia. Hata asingekuwepo, ningekuwa nimekosea."

"Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Niko chini, mbele ya lifti. Nataka kupanda kama abiria."

"Panda ngazi, mpenzi, nakuja kukupokea katikati."

"Hapana. Umewaandika watu kumi na mmoja. Nataka kuwa wa kumi na mbili."

Mwandishi alitoka mbio ukumbini mwa ghorofa ya tisa, na gauni lake jeupe la Jumamosi, daftari kwapani, akakaa sakafuni mbele ya mlango wa chuma. Alisikia mtambo ukiunguruma chini.

"Umekaa au umesimama?" akauliza simuni.

"Nimesimama."

"Kaa. Na mimi nimekaa."

"Na hilo gauni?"

"Litafuliwa. Nisikilize. Naona dirisha, liko wazi. Naona ndoo ya mfagiaji, kaiacha katikati ya njia. Kuna inzi mmoja anatembea juu ya tangazo la bima, amefika kwenye—" Simu ikakatika. Mwandishi aliinama, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akaendelea kwa sauti kubwa zaidi: inzi amefika kwenye pua ya yule bwana wa bima, sasa anasugua mikono, sasa ameruka. Hakunyamaza hata kidogo.

Mlango ukafunguka. Fundi alikuwa amekaa sakafuni ndani, shati jeupe limelowa mgongoni, gazeti kalikumbatia kifuani. Mwandishi alichukua kitambaa kwenye mfuko wa kifua cha Fundi mwenyewe, akamfuta paji la uso.

"Inzi aliruka akaenda wapi?" Fundi akauliza.

"Sijui. Mlango ulifunguka."

Wakacheka, huku mguu wa Fundi ukiuzuia mlango usijifunge.

"Daftari liko wapi?"

"Hili hapa. Unataka kusema kitu?"

"Ufunge mpira kwanza."

Aliufunga, akauzungusha mara mbili.

"Bibi yangu yuko hai," Fundi alisema. "Magoti hayamruhusu kuja huku. Nataka nikupeleke kwake kesho, nimwambie huyu ndiye mke wangu, kama mwenyewe umekubali."

"Atauliza tulikutana wapi."

"Nitamwambia ulikuwa umekwama."

"Nimekubali," Mwandishi alisema, "lakini tutashuka ngazi."

Wakashuka, ghorofa tisa zote, Mwandishi viatu mkononi.