Pengo la Mita ya Sitini na Mbili

Vipande viwili vya mwamba viliungana mahali ambapo havikupaswa kuungana, na mwanamke aliyeviunga akatabasamu.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Mashine ya kuchoronga, yaani ya kutoboa mwamba kwenda chini, ilitoa ardhini mawe marefu ya mviringo, manene kama mkono wa mtoto, naye aliyapokea ghalani, akayaosha, akayapanga kwenye visanduku, kipande na mwenzake, kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Kusoma hakusoma zaidi ya tarakimu, lakini mkono wake haukukosea, wakamwita Mama Kiungo. Jiwe likipotea njiani, desturi ilikuwa kuacha pengo na kuweka kibao cha mti, ili urefu usidanganye mtu.

Kilima kile kilikuwa kimechokonolewa na watu wa kila namna. Kwanza walikuja wenye nyundo, wakafuata mstari wa jiwe jeupe kwenye mgongo wa kilima, wakachimba mitaro, wakaondoka bila kuaga. Wakaja wenye mashine, nao wakaacha mabomba yaote kutu na visanduku vyao kwenye kona ya ghala. Hawa wa sasa walikuwa wa tatu. Mtaalamu wao wa miamba, kijana mcheshi, alilamba kila jiwe ili rangi yake ijitokeze, wakamwita Mlamba Mawe, wakasema huyu chumvi ya nyumbani haimtoshi. Ndiye aliyemweleza Mama Kiungo kwamba zamani sana mwamba ulipasuka, maji ya moto yakapanda na dhahabu yake, yakaganda yakawa jiwe jeupe, kisha ukapasuka tena, yakapanda tena. Kidonda kinachopona na kutoneka, alisema.

Siku hiyo vibao vya wachorongaji, vilivyoandikwa mita za kwenda chini, vilisema kwamba kati ya mita ya sitini na mbili na ya sitini na nne hakuna kitu. Lakini jiwe la juu na la chini yalishikana hata unywele usipite, na uzi wa dhahabu ukavuka kutoka hili hadi lile. Mlamba Mawe akacheka, akasema wachorongaji wamehesabu mabomba vibaya, pengo lifungwe tu.

Mchorongaji wa zamu ile alikuwa mumewe mwenyewe. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hesabu haikukosewa. Chuma kilizama chenyewe, kama kimeachiwa, halafu pumzi ya baridi ikapanda bombani, inanuka kama mawe mawili yaliyogongana.

"Liache pengo, mke wangu."

"Mawe yenyewe yamekubaliana. Mimi ni nani niyaachanishe?"

Na tusifichane, majivuno yalikuwemo. Visanduku vya wale wa zamani vilikuwa na pengo palepale, la urefu uleule, urefu wa mtu aliyelala, naye akaona kwamba wale hawakujua kuunga. Akafunga.

Mumewe alikuwa wa zamu ya usiku, hulala mchana. Mama Kiungo akirudi alasiri hujinyoosha kando yake, jua likigonga mabati. Siku ya kwanza alisikia tu ile harufu ya mawe yaliyogongana, akadhani ni nguo za kazi, akazifua. Siku ya tatu kitanda kilikuwa chembamba.

"Ni wewe unayenisukuma?" mume akanong'ona.

"Mimi niko ukingoni, karibu nianguke. Wewe je?"

"Pua yangu iko ukutani."

Ndipo, huku watoto wa jirani wakicheza nje na mtu akichota maji bombani kama siku zote, walisikia katikati yao kitu kikivuta pumzi polepole, kikaishikilia kwa muda ambao mtu hawezi kuishikilia, kikaitoa, na shuka iliyokuwa imelegea baina yao ikapanda kidogo, ikashuka, ikachukua umbo la bega.

Walihamia mkekani, nacho kikahamia. Mume akaanza kupoa kuanzia miguuni; hospitali wakampima kila kitu, wakamkuta mzima. Ndipo shangazi yake mume, mtoa majini anayejulikana, akaitwa. Alifunga mlango, akaweka kiganja katikati ya godoro, akauliza kwa upole nani huyu na anataka nini. Jibu lilitoka kinywani mwa mume, midomo haikusogea.

"Nilikuwa nimelala. Mmepafunga mahali pangu."

Shangazi akamvuta Mama Kiungo pembeni. "Mkwe wangu, nenda ukayaachanishe mawe hayo sasa hivi. Hiki kikikosa pa kulala nje, kitalala ndani ya mtu."

Alikimbia ghalani kanga ikimponyoka. Sanduku lilikuwepo, na mawe yalikuwepo, lakini kila moja lilikuwa limepasuliwa kwa urefu wake. Mlamba Mawe, akimshangaa, akamkumbusha kinachofanyika siku zote: msumeno unagawa, nusu inabaki, nusu inakwenda maabara kusagwa. Ilikuwa imeshakuwa unga tangu juzi. Hata hivyo Mama Kiungo akazitenga zile nusu zilizobaki, akaweka kibao, akakaa chini kusubiri, asijue anasubiri nini.

"Nusu haitoshi," shangazi alimwambia Mama Kiungo aliporudi nyumbani. Alikuwa anafunga vitu vyake na hakutazama kitandani.

Kesho yake mume aliamka mzima. Alioga, akala sahani tatu, akataniana na majirani mpaka wakashika mbavu. Mawifi wakamsifu shangazi, ambaye alikuwa ameondoka alfajiri bila kusubiri ahsante.

Alasiri kitanda kilikuwa kipana kama zamani. Mama Kiungo alilaza sikio kifuani pa mumewe, akatafuta moyo, hakuusikia. Alisikia tone la maji likidondoka mbali, kisha kokoto ikibingirika, ikibingirika, isifike, na chini zaidi ya hapo, chini mno, sauti ya mumewe, ile yake hasa, ikimwita, ikiuliza kama ni usiku au mchana.

Mkono ukaanza kumpapasa kichwa, taratibu, kwa mapenzi.

Alibana midomo yake kwenye ile ngozi ya baridi. "Ni mchana, mume wangu," akanong'ona.

Na tangu siku hiyo, kila alasiri, humwambia kama ni jua au mvua, na kila alasiri humbidi aseme kwa nguvu kidogo zaidi ya jana.