Lililohama kwa Jeli

Mtoto akipakwa jeli ya altrasaundi kifuani hushtuka, maana ni baridi. Mchana ule wa kitanda cha kwanza hakushtuka. Bwana Picha akaigusa kwa kidole. Ilikuwa vuguvugu, kama mate yaliyotemwa sasa hivi.

Jina hilo walimpa manesi. Alikuwa na digrii, cheti cha kupima mapafu ya watoto mahututi palepale kitandani, na barua ya ajira ambayo mwaka wa tatu sasa ilikuwa "kwenye system". Alijitolea. Wenye mishahara hawakujua hata mashine inawashwaje. Siku ya kuipokea walikata utepe, wakapiga nayo picha, wakaenda zao. Vitambaa vya kufutia kichwa cha mashine, kile kinachogusishwa kifuani, hakuna aliyevikumbuka. Basi jeli iliyobaki juu yake alihama nayo, kitanda hadi kitanda. Chupa ilikuwa ya mwisho. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kwenye kioo, chini ya mbavu za kushoto, palikuwa na doa jeusi, dogo kama ukucha. "Maji," aliandika. Aliposogeza kichwa cha mashine alitazame vizuri, doa likajivuta kando, kama mtu anayekupisha mlangoni.

Kitanda cha pili: doa lilelile, mahali palepale. Haikupita saa, mtoto wa kwanza akakaa, akaomba maziwa. Wa pili, aliyekuwa na nafuu, mbavu zikaanza kubonyea ndani na midomo kuwa rangi ya majivu. Alipopimwa wa tatu, wa pili akapona. Alipopimwa wa nne, akapona wa tatu.

"Una mkono wa baraka, Bwana Picha," sista mkuu alitania. "Njoo unipige na mimi, pasipoti saizi."

Hakucheka. "Sista, njoo uone. Usiseme kwa sauti."

Wa nne alikuwa binti wa miaka mitano, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Sista alikikodolea macho kioo, utani ukamkauka mdomoni.

"Hayo si maji," alinong'ona. "Maji hayageuki kukutazama."

"Lazima kuna maelezo. Pengine ni settings tu..."

"Weka kando cheti chako. Bibi yangu hakusoma, lakini alilijua hili. Ni jini la pumzi. Haliuliwi, linahamishwa. Na wewe, msomi, umelibeba mkononi tangu kitanda cha kwanza."

Bwana Picha akakisugua kichwa cha mashine kwa spiriti. Doa halikutikisika. Wakapaka jeli mpya, wakakigusisha kwa binti, kisha ukutani. Likabaki kwa binti. Ukuta hauna pafu. Harufu ikapanda, ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, na ndani ya mashine isiyo na spika ikatoka sauti ya mtu anayefyonza masalio ya kikombe.

Binti aliruka pumzi moja. Kisha mbili.

Hapo mlangoni manesi wakaingiza kitoto kingine, kimefunikwa shuka, kikohozi cha kawaida tu. Sista akakitazama, akainamisha macho. Bwana Picha aliwaza kifua chake mwenyewe, na wazo hilo likaishia kwenye vifungo vya shati. Kisha mkono wake, ule uliosifiwa baraka, ukaanza kuelekea kile kitoto, taratibu, kama si wake, huku harufu ikimjaa kooni na ile sauti ya kufyonza ikienda mbio kana kwamba imekwisha kuonja, na angefika, wallahi angefika, kama mama wa binti asingemdaka kifundo cha mkono.

"Kile kina mama yake," alisema. "Nipe mimi."

"Mama, hujui..."

"Nimesikia yote. Mimi mgonjwa wa masikio?"

Akakigusisha kichwa cha mashine kwenye ubavu wa binti, akafungua kifungo, akakibana chini ya ziwa lake la kushoto. Kwenye kioo doa likaingia, likajikunja, likatulia. Binti akakohoa, akafumbua macho.

"Mama, nina njaa."

Na yule msomi akamshukuru Mungu, kimoyomoyo, kwamba kifua hakikuwa chake.

Siku ya tatu walikuja kuaga, binti begani. Mama alikuwa amebonyea mashavu, na kila alipovuta pumzi alisita kwanza, kama anayesubiri zamu.

"Daktari," alinong'ona, "halilali. Linaniuliza nyumbani watoto wako wangapi."

"Umelijibu nini?"

"Nimenyamaza. Ulimi nimeung'ata mpaka umetoka damu."

Binti akainua kichwa, macho yaking'aa, mwenye furaha ya mtoto aliyesikia swali analoliweza.

"Tuko wanne, mama," alisema kwa sauti. "Na mdogo wetu ameanza kutembea."