Jenereta Ziliponyamaza

Umeme ulikatika mchana, soko likiwa limefurika, na kabla watu hawajamaliza kusonya, jenereta zikaanza kunguruma kila kona. Injinia alikuwa juu ya ngazi, ovaroli ya buluu mwilini, kilemba chekundu kichwani, akipima ukingo wa paa. Moshi ukampanda usoni. Alikohoa mpaka ngazi ikayumba, na mkono wa mtu ukaishika kwa chini.

"Shuka upumue kwanza, dada. Paa halikimbii."

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, shati lina madoa ya oili lakini limepigwa pasi likanyooka. Soko zima lilimwita Ngurumo, kwa kuwa nyingi ya jenereta zile zilikuwa zake, za kukodisha. Injinia alimwambia moshi wake utamuua mtu. Ngurumo akajibu kwamba bila moshi ule cherehani zingelala na vinyozi wangewaacha watu na nusu kichwa. Injinia akajikuta anacheka. Alipoombwa namba ya simu aliitoa, akijidanganya kuwa ni kwa ajili ya kuazima ngazi.

Basi zikaanza simu za jioni. Ngurumo akishafunga mashine zake, alipiga kuuliza jua limemchoma wapi leo. Alimwita "mwanga wangu", naye akaitwa "moshi wangu", na wote wawili waliona hayo ni majina matamu kuliko yote duniani. Alimsimulia alivyorithi jenereta moja mbovu ya marehemu babake akaifufua kwa mikono yake. Injinia naye alimsimulia wajomba zake walivyomcheka alipochagua kazi ya kupanda mapaa. Jambo moja tu hakulisema: vile vipimo vilikuwa vya mradi wa serikali. Ofisi yao ilikuwa imewakataza kutamka lolote mpaka fungu la fedha lipitishwe, naye alikuwa mtu wa kushika neno.

Fungu likapitishwa. Mwenyekiti wa soko, mama muuza vitambaa, alipanda juu ya meza akatangaza kwamba soko litawekewa umeme wa jua; serikali itabeba sehemu kubwa ya gharama, wenye vibanda wamalizie kidogo kidogo. Vigelegele vikapaa. Ngurumo alitoka nje, akapiga simu.

"Kumbe hukuwa unapima paa," alisema. "Ulikuwa unapima kaburi langu."

"Nilikatazwa kusema."

"Mimi nilikwambia mpaka ya marehemu baba."

Akakata. Injinia alipiga, akapiga tena, kisha akaacha. Naye alikuwa na kiburi chake. Mamake alimkuta jikoni anachemsha chai isiyo na majani, akamkalisha chini mpaka akayatoa yote.

"Kazi yako usiiombee radhi, mwanangu," mama alisema. "Ila kunyamaza kwako kumemuumiza. Hilo liombee."

Lakini simu haikupokelewa. Basi Injinia akaupeleka uchungu wake kwenye kikao cha mradi. Alisimama mbele ya maofisa akauliza wenye jenereta waende wapi, watu waliolibeba soko miaka yote ya giza. Aliambiwa hilo halimo kwenye mpango. Akasema basi mpango una tundu, na hakuketi mpaka walipokubali kwamba serikali iwasomeshe ufundi wa sola, wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakumwambia Ngurumo.

Siku ya kwanza ya mafunzo aliingia darasani akamkuta kwenye benchi la mbele, shati limenyooka vilevile. Alikuwa amekuja kwa miguu yake baada ya kusikia tangazo, bila kujua mwalimu ni nani. Injinia akaanza kufundisha. Hakumpendelea. Ngurumo alipofunga nyaya ovyo, alimfungulisha zote mbele ya wenzake, naye akazifunga upya bila kununa.

Wakati wa mapumziko Ngurumo alimfuata. Mwenyekiti wa soko, aliyehudhuria kikao kile, alikuwa amemweleza nani aliyewasimamia.

"Hasira zangu zilikuwa za mkizi," alisema. "Nisamehe."

"Kazi yangu siiombei radhi. Lakini kukuacha usikie pamoja na umati, hilo naliombea."

"Limekwisha, mwanga wangu."

Siku ya kuwasha mitambo, swichi ilipobonyezwa cherehani zikaanza kukimbia, na hakuna jenereta iliyokohoa. Watu walisikiana sauti. Muuza vitambaa alisema hakuwahi kujua kwamba jirani yake huimba anaposhona. Ofisa aliyetoka wizarani akauliza nani aliyefunga nyaya safi namna ile, na Injinia, kifua mbele, akawasukuma mafundi wake wapya waonekane. Ngurumo alisimama na ovaroli mpya akasema mbele ya watu wote, "Mwalimu wetu ndiye huyu." Soko likamshangilia mwanamke yule mpaka machozi yakamlenga.

Baadaye wakapanda juu ya paa wao wawili, kukagua paneli ambazo hazikuhitaji kukaguliwa.

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu," alisema Ngurumo.

"Mje kufanya nini?"

"Kuposa."

"Mama atakuuliza unafanya kazi gani."

"Nitamwambia binti yake ndiye bosi wangu, na najivunia."

Injinia alitazama paa lote likimeta, toka mwanzo hadi mwisho, kazi ya mikono yao wote wawili.

"Njooni Jumapili," akasema. "Ila wazee wako usiwaambie kwamba nimekwishakubali. Waache wahangaike kidogo."