Roshani ya Mashuka

Mtazama juu hujikwaa chini. Mshonaji wa mapazia, macho juu kwenye jumba kuukuu lililokuwa likikarabatiwa, alijikwaa kwenye toroli la chokaa, mchana kweupe, barabara imefurika watu, gauni lake la njano likageuka nusu jeupe.

"Dada, jumba la miaka yote hii halikimbii," alisema seremala, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. "Toroli ndilo lisilo na breki."

"Asiye na breki ni wewe."

Lakini hakuondoka. Alimwonyesha roshani ya ghorofani, yenye ukingo wa mbao zilizochongwa kama lesi. Marehemu mama yake alikuwa mtumishi wa jumba hilo. Alikung'utia mashuka pale, na bintiye akipita kutoka shule, alimpungia shuka zima kama bendera. Picha ya mama hakuachiwa hata moja. Aliachiwa roshani hiyo.

"Haing'oki," seremala akaapa. "Mimi nipo."

Kiapo kikazaa simu, simu zikazaa soga, na soga, unajua tena, haziishii kwenye soga. Yeye akawa Malkia wa Chokaa, seremala akawa Bwana Vumbi.

Asubuhi moja mshonaji akapita akakuta ukuta mtupu. Pa roshani pamebaki mashimo, yamemkodolea macho. Hakuuliza mtu. Shoga yake akamwambia mafundi ndivyo walivyo, wakishazoea kubomoa hawachagui. Akaamini, maana moyo ulioumia haudai ushahidi. Simu za Bwana Vumbi zikalia weee, asipokee, mpaka ukaja ujumbe: Njoo uone, kisha uniache ukitaka.

Alikwenda amevaa nyeusi makusudi, maneno makali yamejipanga foleni mdomoni. Akapanda ngazi. Roshani ilikuwa mahali pake, na seremala amesimama mlangoni pake.

"Boriti zililiwa na mchwa," alisema. "Tajiri mwenye jumba akataka zege. Nikambembeleza, nikaing'oa roshani nikaenda kuitengeneza karakanani."

"Na ulimi wako nao uliliwa na mchwa?"

"Nilishaapa. Tajiri angekataa, ningekuambia nini?" Akajifuta vumbi usoni. "Nilikosea kunyamaza, mpenzi."

Mshonaji alinyoosha mkono akaupapasa ukingo, taratibu, mpaka vidole vikafika pale mbao zilipolainika kwa kusuguliwa na mashuka. Vikakaa hapo. Yale maneno makali yakatawanyika, kila moja likashika njia yake.

Seremala akatangulia kukanyaga roshani, akamnyooshea mkono.

"Ikianguka?"

"Utaniangukia mimi."

Mshonaji akavua viatu. Akaweka mguu mmoja, halafu wa pili. Ubao ukalia kwaa, wote wawili wakabana pumzi. Chini, magari yalipita kama kawaida. Roshani ikatulia.

Akafungua mtandio wake mweusi, akaupunga kuelekea barabarani, watoto wa shule wakainua vichwa.

"Sasa naweza kukuuliza lile jingine, la ndoa?" seremala akanong'ona.

"Uliza," akasema, asiuachie mkono wake. "Ila safari hii usiape."