Posa Yenye Muhuri

Siku ya gulio la Mlalo, Nassoro alikuwa diwani wa miezi minane, suti ya kijivu, viatu vimejaa tope jekundu. Akasimama mbele ya mapeasi ya Mwanamisi, akachukua moja, akaling'ata.

"Kuonja ni kwa wateja," Mwanamisi akasema, akiuweka vizuri mtandio wake wa zambarau. "Paa la soko ulilotuahidi liko wapi?"

"Nalifuatilia, dada."

"Basi na bei ya hilo peasi ifuatilie."

Nassoro akacheka mpaka akapaliwa. Akanunua ndoo nzima, mtu asiyekuwa na hata paka nyumbani. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Mheshimiwa huna vikao?"

"Kikao ndiyo hiki."

Siku alipochukua fomu ya ubunge akamwambia, "Barua ya posa nimeshaituma kwa baba yako." Mwanamisi akangoja wiki, akangoja mwezi. Baba yake, Mzee Twaha, hakutamka neno, na binti aliyelelewa vizuri hamuulizi baba kama ameposwa. Akaona amedanganywa kama soko lilivyodanganywa, akaizuia namba ya Nassoro. Nassoro naye akahesabu kimya kile kuwa jibu, akashinda ubunge na moyo ukiwa mzito, akaenda Dodoma kuapa. Watu wazima wawili, kila mmoja akilia kivyake!

Miezi minne baadaye mbunge alirudi kusikiliza malalamiko ya barabara mpya. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mzee Twaha, ambaye mipeasi yake sita ilikuwa imepigwa alama nyekundu ya kukatwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa." Mwanamisi akaleta chai, akaitua bila kumtazama mgeni. Alikuwa amekonda, na bado alikuwa mzuri wa kuumiza. "Keshokutwa watu wa Bungu wanakuja kuchukua jibu la posa ya huyu," mzee akaongeza, "kwa hiyo tumalize mapema." Akatupa mezani bahasha za kaki zilizofungwa. "Barua zenu za barabara. Nikiona muhuri tu, sifungui."

Nassoro akaiona ya chini kabisa. Akaichomoa.

"Baba, hii si ya barabara. Ni yangu. Niliichapa ofisini, ikaletwa na mtendaji wa kata."

Mzee akaichana, akavaa miwani. "'YAH: Ombi la kumwoa binti yako Mwanamisi.'" Akamtazama juu ya miwani. "Posa inapigwa muhuri wa diwani?"

"Nilitaka ionekane ya heshima, baba."

Mlangoni Mwanamisi alikuwa ameshika sinia kifuani, machozi yanamtoka. Kumbe aliandikiwa. Kumbe hakuachwa.

Mzee akaikunja barua taratibu. "Nikikubali, barabara utaihamisha?"

Nassoro alitamani kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na posa ya Bungu ingekoma hapo hapo.

"Hapana, baba. Itapita. Fidia yako nitaipigania, lakini mipeasi itakatwa."

"Unajua unachokipoteza?"

"Najua."

Mzee akavua miwani, akaifuta. Chai ikapoa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mwanamisi akasema mbele ya baba yake kabla ya kuulizwa.

"Baba, watu wa Bungu waambie wamechelewa. Nimeshaposwa."