Maji ya Pipa la Kwanza

Kikombe cha bati kilichotundikwa kwenye chumba cha nyuma kilikutwa kimelowa, na hakuna mtu aliyekuwa amekitumia. Ndivyo ilivyoanza. Mwenye nyumba, fundi cherehani, alikipangusa kwa pindo la gauni lake, akakitundika, akarudi kwenye mashine. Mtu mwenye sare za shule za kumaliza hana muda wa kuulizana maswali na vikombe.

Mtaani walimwita Mama Akiba. Chumba kile cha nyuma kilijaa mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, na ndani yake maji yaliyochemshwa, yakachujwa, yakawekwa kungojea siku ambayo bomba litakauka; yakikaa sana yalinywewa humo nyumbani, mengine yakajazwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo aliishi na dada wa mumewe, ambaye hakuchoka kumtania.

"Wifi, hata gharika ikija wewe utatoka na ndoo kukinga!"

"Cheka tu. Siku ya siku utakuja kuniomba."

"Nikuombe wewe? Si utanipimia kwa kijiko!"

Walicheka, ingawa wifi alijua fika akiba ile ilitokea wapi. Mwaka wa mafuriko, visima vilipoingia uchafu, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo aliharisha hadi akabaki macho tu. Mama yake alimchemshia maji, akayaweka yapoe. Mtoto akawa anaita, "Mama, maji. Yameshapoa?" Naye akawa anamjibu, "Bado, mwanangu, subiri kidogo." Maji yalipopoa, mtoto alikuwa ametangulia kupoa. Mama hakuweza kuyamwaga. Aliyamimina kwenye pipa, akakaza kifuniko, na hilo ndilo likawa pipa la kwanza.

Baadaye alijaliwa binti. Huyo ndiye aliyembakia, na mapipa yote yale yalikuwa kwa ajili yake.

Baada ya kikombe ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na sakafu ya chumba ilikuwa kavu kabisa. Kisha alasiri moja, fundi aliposimamisha mashine kubadilisha uzi, akasikia mtu anakunywa nyuma ya mlango uliofungwa. Alikuwa anagugumia kwa pupa, bila kupumzika. Alifungua akakuta mapipa yametulia, na kikombe kinadondosha matone.

Wiki hiyohiyo binti akaanza kunywa maji hadi tumbo likakaza, na midomo yake bado ikapasuka kwa ukavu.

"Kiu gani hii, mwanangu?" mama alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Si yangu, mama. Ni ya yule. Anasema bado."

"Yule nani?"

Binti alielekeza kidole kwenye chumba cha nyuma.

Halafu, kana kwamba mambo yalikuwa yamepangwa, bomba kuu likapasuka na mtaa mzima ukakauka. Siku ya siku ilikuwa imefika. Jioni ile Mama Akiba alichukua ndoo aende kuchota akiba yake, na alipousukuma mlango ile harufu ya udongo ikamjaa puani na mdomoni, na kutoka chini kabisa ya pipa la kwanza, chini ya maji aliyokuwa akiyalinda miaka yote kama mboni ya jicho lake, ikapanda sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe, nyembamba, imechoka, ikiuliza bila hasira, "Mama, yameshapoa?"

Wifi alimkuta ameketi sakafuni, ndoo imemwangukia mapajani. Ndiye aliyekimbia kumwita mganga, mtu wa makamo aliyekuwa pia mpaka rangi wa nyumba, akaja na madoa meupe mikononi.

Mganga aliweka sikio kwenye pipa, akakunja uso. "Huyu si mwanao, mama. Mwanao amekwenda zake. Hili ni jini la kiu, hutafuta maji aliyowekewa mtu asiyeyanywa. Limekuta limetengewa chumba na kutundikiwa kikombe. Ulitaka likatae?"

"Nifanye nini?"

"Yamwage. Kwa mkono wako."

Kumwaga maji, siku kama ile! Aliliburuta pipa hadi uani, akaliinamisha huku analia, na sauti ndani yake ikalia naye, ikamsihi, ikamwita kwa jina la utani ambalo mtoto wake wa kwanza tu ndiye aliyelitumia. Hakusimama. Ardhi ikanywa, sauti ikakatika. Harufu nayo ikaondoka.

"Tumepona," wifi alisema, akicheka na kulia.

Waliporudi chumba cha nyuma, mganga alianza kufunga begi lake. "Na haya mengine uliyachota wapi?"

"Bombani."

"Bombani tu?"

Mama Akiba alishika kifuniko cha pipa lililokuwa karibu naye. Kisha akasema, polepole, kwamba kila alipojaza pipa jipya alitia kikombe kimoja kutoka pipa la kwanza, kama watu wanavyotia mgando wa jana kwenye maziwa ya leo.

"Nilitaka na yeye awemo," alisema. "Tusinywe tukamsahau."

Wifi alijishika koo. "Wifi! Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Huyu mtoto amenyweshwa hayo tangu azaliwe."

Mganga alitazama chini. "Ya mapipani yanamwagika. Yaliyokwisha kunywewa nitayamwaga wapi? Mimi naweza kulitoa ndani ya nyumba. Ndani ya watu hawa wote, siwezi." Aliondoka bila kuaga, na maji waliyompa anawe mikono hakuyagusa.

Binti akatokea mlangoni na kikombe cha bati mkononi. Ile harufu ya udongo mbichi ilitoka kwenye pumzi yake.

"Mama," alisema, na sauti haikuwa ya kwake. "Yameshapoa?"

Mama Akiba alijua kwamba huyo si mwanawe. Alikuwa ameambiwa, na aliamini. Lakini neno "subiri" alishalisema mara moja katika maisha yake, na hakuwa na nguvu ya kulisema tena.

"Yamepoa, mwanangu," alisema, akafungua pipa lililo karibu, akamjazia.

Binti alipopiga funda la kwanza, wifi akameza pamoja naye. Na yeye mama akameza.